Mashua, Baiskeli, Pikipiki: Chombo Kidogo katika Vivuko vya Mombasa

Katika miaka ya 1970, foleni ya magari iliyosubiri feri ya Likoni upande wa kisiwani ilikuwa na wageni wa aina yake. Kati ya malori ya mchanga na mabasi ya Kwale yalisimama magari ya Volkswagen Kombi yaliyopauka kwa jua la jangwani, yenye vitanda ndani, jiko la gesi na madebe ya maji, na nambari za usajili za Ujerumani, Uholanzi au Uingereza. Wenyewe walikuwa wameondoka Ulaya miezi kadhaa nyuma wakateremka Afrika kwa barabara. Sasa walikuwa njiani kwenda Tiwi, mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka Likoni, ambako Twiga Lodge iliwapa mahali pa kupiga kambi ufukweni. Baadhi yao walikuwa wamefunga baiskeli au pikipiki ndogo nyuma ya gari. Sababu ni rahisi. Gari la kulala likishaegeshwa chini ya minazi, turubai likatandwa, nguo zikaanikwa na sufuria zikapangwa, nani angelivunja kambi nzima ili akanunue mkate na samaki? Pikipiki ndiyo iliyokwenda sokoni.

Mgeni huenda alidhani hilo ni jambo jipya pwani hii. Mombasa ni kisiwa chenye bara pande tatu: Likoni kusini, Kisauni kaskazini, Changamwe magharibi. Kwa watu wa mji wa namna hiyo, chombo kikubwa kubeba kidogo mgongoni ni mazoea ya tangu enzi. Kikubwa humfikisha mtu ukingoni, kidogo humfikisha mlangoni. Historia ya Mombasa imezoea kusimuliwa kwa majina ya meli, reli na madaraja. Inafaa isimuliwe pia kwa vile vilivyopakiwa juu yake.

Mfano wa zamani zaidi uko baharini. Majahazi makubwa ya Kuwait, ya Suri huko Omani na ya Uajemi yaliyokuja na upepo wa kaskazi hayakusafiri peke yake. Kila moja lilibeba mashua, na mara nyingi hori pia. Mashua ilikuwa na kazi nzito: kuvuta jahazi upepo ukigoma, kupeleka nanga mbali, kuleta maji ya kunywa, kushusha tende na chumvi na kupakia boriti za mikoko. Hori ilikuwa nyepesi, kasia moja au mawili, ya kumpeleka nahodha forodhani na kumrudisha. Jahazi likitia nanga Bandari ya Kale, lilikaa hapo wiki nyingi likingoja upepo ugeuke kuwa kusi, na muda wote huo maisha ya mabaharia yalitegemea vyombo hivyo viwili. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia aliyesafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939 hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, aliona jinsi mashua ilivyotumika kila siku. Jahazi bila mashua lingekuwa nyumba isiyo na mlango.

Nchi kavu ilipoanza kushindana na bahari, mpango ulikuwa uleule. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na ili treni itoke kisiwani kwenda Changamwe lilijengwa daraja juu ya maji ya Makupa, likapewa jina la Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo. Kisiwani kwenyewe, kwa miaka mingi, usafiri wa maofisa na matajiri ulikuwa toroli ndogo zilizokimbia juu ya reli nyembamba kati ya Mji wa Kale na Kilindini, zikisukumwa na vijana waliokimbia nyuma. Reli ilikuwa moja tu. Toroli mbili zikikutana, moja iliinuliwa kando pamoja na heshima yote ya mwenyewe, nyingine ipite. Treni ilileta watu na mizigo kutoka bara kwa mamia ya maili, lakini pale ilipowashusha, kilichobaki kilikuwa miguu, hamali, mkokoteni au toroli.

Njia ya kudumu ya Makupa, tuta la mawe na udongo, ilifuata mwaka 1929. Miaka miwili baadaye, 1931, Kisauni ikapata daraja la Nyali, lililoelea juu ya maboya makubwa na kutoza ushuru. Likoni ikabaki na maji yake. Huduma ya feri huko huhesabiwa tangu mwaka 1937, na tangu wakati huo mkondo ule wenye upana wa takriban nusu kilomita umevukwa mchana na usiku.

Baiskeli ndiyo iliyonufaika kwanza na vivuko hivyo vitatu. Raleigh kutoka Nottingham, na baadaye baiskeli nzito za Wahindi na Wachina, zilimvusha mfanyakazi wa bandari kutoka Magongo hadi Kilindini kupitia Makupa. Zilileta madafu, maziwa na mboga kutoka mashamba ya Kisauni, zikipita Kengeleni, mahali panapokumbusha kijiji cha Freretown kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Likoni baiskeli ilisukumwa ndani ya feri katikati ya watu, ikashikwa usukani hadi ng'ambo, kisha ikapandwa tena. Hakuna aliyeandika habari za mwenye baiskeli huyu wa Timbwani au Mtongwe, lakini alikuwa akifanya kila asubuhi jambo ambalo mtalii wa Kombi alikuja kulifanya mara moja katika maisha.

Safari za mbali nazo zilikuwa na desturi yake. Kaskazini ya Kisauni, barabara ya Malindi ilikatwa na vijito viwili, Mtwapa na Kilifi. Feri ya Mtwapa ilivutwa kwa mikono, na wavutaji waliimba huku wakitunga maneno kuhusu abiria waliokuwa mbele yao. Mabasi yalipanda feri yakiwa na mlima wa mizigo juu ya keria: magunia ya nazi, makuti, matenga ya kuku, na baiskeli zilizolazwa kwa ubavu na kufungwa kwa kamba za makumbi. Mwenye baiskeli alilipia nafasi yake na ya chombo chake. Aliposhuka kwenye njia panda isiyo na usafiri mwingine, makanga alipanda juu, akaiteremsha, na kijiji kilichokuwa mbali kikawa karibu. Vivuko vya njia hiyo vilitoweka kimoja baada ya kingine, na cha Kilifi kilikoma daraja lake lilipofunguliwa mwaka 1991.

Injini ndogo iliingia katikati ya karne ya 20. Mhandisi wa ndege Corradino D'Ascanio aliichora Vespa kwa kampuni ya Piaggio, na hati yake ya ubunifu ikawasilishwa Florence mwezi wa Aprili 1946. Mwaka uliofuata ikaja Lambretta. Skuta hizo zilifaa mji wa Mombasa vizuri. Zilikuwa na sakafu ya kuweka miguu, kwa hiyo mwenye kanzu alipanda bila shida, na ngao ya mbele ilimkinga na tope la masika. Makarani, walimu na wenye maduka walizipenda. Mwaka 1948 Piaggio ikaongeza gurudumu la tatu na kitanda cha mizigo, ikaiita Ape. Mjukuu wake ni tuktuk inayonguruma leo Kongowea na Bombolulu, chombo kilichoenea Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 2000 pamoja na ndugu yake wa Kihindi, Bajaj.

Wazo la kuweka pikipiki ndani ya chombo kingine lilifikishwa mbali zaidi na majeshi na viwanda vya nje. Mwaka 1942 Waingereza walitengeneza Welbike, pikipiki ya injini ya sentimita za ujazo 98 iliyokunjwa ikaingia katika kasha la kurushwa na parachuti, ili askari akitua asitembee kwa miguu. Baada ya vita ilibadilishwa kidogo na kuuzwa kwa raia kwa jina la Corgi. Mwaka 1981 Honda ya Japani ikaleta Motocompo, skuta ya injini ya sentimita za ujazo 49 iliyokunjwa ikawa sanduku la mraba. Ilitengenezwa pamoja na gari dogo la Honda City, na buti ya gari hilo ilipimwa ili sanduku liingie. Biashara yake haikudumu, iliachwa mwaka 1983. Kilichoshinda ni pikipiki ya kawaida, nyepesi na isiyokunjwa, hasa Super Cub ya mwaka 1958, ambayo kufikia 2017 ilikuwa imetengenezwa zaidi ya milioni 100.

Kuibeba nyuma ya gari la kulala kuna hesabu ambayo wasafiri wengi waliijua wakiwa wamechelewa. Uzito ukining'inia nyuma ya ekseli ya nyuma, gari huwa kama mizani. Chukua pikipiki ya kilo 120 iliyofungwa mita 2 nyuma ya ekseli hiyo, katika gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 4. Ekseli ya nyuma hubeba kilo 180 zaidi, na ya mbele hupunguziwa kilo 60. Usukani huwa mwepesi, breki za mbele hupoteza nguvu, na penye mteremko wa feri, maji yakiwa yamekupwa, ile pikipiki ndiyo huwa ya kwanza kukwangua sakafu. Kila dereva wa Likoni anaujua mwinamo huo wakati wa maji madogo. Ndiyo maana waliosafiri kwa malori, kama Bedford za makampuni ya safari kutoka London, walipendelea kuifunga pikipiki mbele au kuiweka ndani kabisa.

Kulikuwa na hesabu nyingine, ya karatasi. Mbele ya afisa wa forodha, pikipiki iliyofungwa nyuma ya gari ni chombo kinachojitegemea: ina nambari ya injini, nambari ya fremu, bima yake na hati yake ya kuingizwa nchini kwa muda. Msafiri aliyeandika gari tu katika hati alizuiwa mpakani kwa ajili ya kile kidogo. Na mpaka wenyewe haukuwa wazi siku zote. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, ukakaa hivyo hadi Novemba 1983. Kwa karibu miaka saba, kituo cha mpaka cha Lungalunga hakikuwa njia ya kwenda Tanga. Aliyevuka Likoni na gari lake la kulala alijua kwamba barabara ya kusini inaishia hapo, atarudi kwa feri ileile. Pengine ndiyo sababu kambi za Tiwi na Diani zilikuwa na watu waliokaa muda mrefu, na pikipiki ndogo ikawa na kazi kila siku badala ya mara mojamoja.

Huku wageni wakiota jua, mabadiliko makubwa ya magurudumu mawili yalikuwa yakiiva upande mwingine wa nchi. Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana walianza kubeba abiria kwa baiskeli katika eneo la kati ya vituo viwili vya mpaka, ambako magari hayakupita kwa urahisi. Kazi hiyo ya bodaboda iliyoanza miaka ya 1960 na kushika kasi miaka ya 1970 ilienea taratibu, kwanza kwa baiskeli yenye mto wa kukalia, kisha kwa injini. Kilichofungua mlango ni uamuzi wa serikali ya Kenya mwaka 2008 wa kuondoa ushuru wa thamani ya ziada kwenye pikipiki zenye injini ndogo kuliko sentimita za ujazo 250. Mwaka 2007 pikipiki zilizosajiliwa nchini zilikuwa kama 16,000. Mwaka 2011 zilipita 140,000.

Zote zilianza maisha yao ya Afrika zikiwa mizigo. Boxer na TVS kutoka India zilifika Kilindini zikiwa vipande ndani ya makontena, zikapandishwa kwenye malori, zikavuka Makupa, zikapita Changamwe na Miritini kuelekea viwanda vya kuunganisha vya bara, au kuendelea Malaba na Busia, hadi Kampala, Kigali na Goma. Mtu aliyesimama Changamwe akitazama foleni ya malori alikuwa akitazama maelfu ya bodaboda zikisafiri bila yeye kuziona. Malori hayo yanapokwama, bodaboda zilizokwisha kuunganishwa ndizo zinazowapelekea madereva chakula, vipuri na karatasi za bandari.

Reli mpya nayo ilikuja na sharti la zamani. Kituo cha Mombasa cha treni ya Madaraka Express, kilichofunguliwa mwaka 2017, kiko Miritini, nje ya kisiwa. Abiria husafiri karibu kilomita 480 kutoka Nairobi kwa saa chache, halafu hushuka mahali ambapo bado anahitaji chombo kingine kumfikisha Mikindani, Bamburi au Shika Adabu.

Likoni ndiko sura ya jambo hili inakoonekana bila pazia. Feri hizo zimekuwa zikivusha zaidi ya watu 300,000 na magari kama 6,000 kwa siku. Mtembea kwa miguu hupita bure, chombo chenye injini hulipa. Abiria wa matatu hushuka na kuingia kwa miguu, na ng'ambo hutafuta usafiri mwingine. Katika MV Kwale na MV Likoni, zilizoletwa kutoka Ujerumani mwaka 2010, au MV Jambo iliyotoka Uturuki mwaka 2017, hakuna sehemu iliyojengwa kwa ajili ya magurudumu mawili. Pikipiki hujipenyeza kati ya bampa la lori na ukuta wa feri. Mikokoteni yenye magunia ya viazi hujipenyeza vilevile, na mwenye kuisukuma hupanda mteremko wa kutokea akiwa na watu mbele na honi nyuma.

Hatari ya kubebana vibaya imeshaonekana mara mbili, na inaumiza kuitaja. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe iliyozidisha watu ilipinduka, watu 272 wakafa. Tarehe 29 Septemba 2019, gari lilirudi nyuma likateleza kutoka MV Harambee katikati ya mkondo wa Likoni likiwa na mama na bintiye, na zikapita siku 12 kabla ya kuopolewa. Hakuna sababu ya kungoja mara ya tatu, safari hii kwa mwendesha pikipiki aliyebanwa ukingoni.

Baada ya hapo fedha nyingi zimetumika kuwaondolea watu mzigo wa feri. Daraja la kuelea la Liwatoni lilizinduliwa mwishoni mwa 2020 kwa watembea kwa miguu, kuwapunguza kwenye feri wakati wa janga la korona. Makupa ilipata daraja la kisasa mwaka 2022, na tuta la kale likaondolewa ili maji yapite. Barabara ya Dongo Kundu, yenye daraja la Mteza la mita 1,440 na la Mwache la mita 660, ilikamilishwa mwaka 2024, na sasa gari linaweza kutoka Miritini hadi barabara ya Lungalunga bila kugusa feri wala kisiwa. Kwa mwenye gari la kulala anayekwenda Tiwi, huo ni ukombozi. Kwa mwenye bodaboda wa Mtongwe mwenye mgonjwa wa kupeleka Hospitali Kuu ya Pwani, Dongo Kundu ni mzunguko mrefu, na feri inabaki njia yake.

Daraja la Nyali la mwaka 1980 lilijengwa kwa saruji na msaada wa Wajapani, nalo lina njia za magari zinazopendeza, lakini mwendesha baiskeli anabanana na matatu hadi leo. Kila kivuko cha Mombasa kimechorwa kwa ajili ya kikubwa, kidogo kikaachiwa kitafute upenyo. Manahodha wa majahazi walikuwa na busara zaidi: nafasi ya mashua ilipangwa jahazi likiwa bado mbao kwa fundi.

Serikali ina mpango wa daraja kubwa la kuunganisha Likoni na kisiwa, tena kwa ushirikiano na Japani. Halijajengwa bado, kwa hiyo michoro yake inaweza kusahihishwa. Wahandisi wa barabara kuu, serikali ya kaunti na wabunge wa Likoni na Mvita wahakikishe kwamba lina njia iliyotengwa kwa baiskeli, pikipiki na mikokoteni, pana na yenye kizuizi dhidi ya malori. Na wakati daraja likisubiriwa, feri zilizopo zichorewe mstari wa kudumu wa magurudumu mawili, zifungiwe pete za kufungia pikipiki sakafuni, na mstari huo uheshimiwe kila mvuko.